Daktari Alisema "Kama za Mzee"

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu Mama alinilea kwa adabu, na adabu haikatiki eti kwa kuwa mtu amekufa. Lakini ujue mapema kwamba barua hii si ya kukusifu. Za kukusifu zilisomwa siku ya mazishi yako na wanaume wenye sauti nzuri, nami nilikaa kwenye mkeka nikitazama vidole vyangu vya miguu. Nilinyamaza kwa sababu msibani si mahali pa kugombana. Msiba umeisha zamani, na mimi bado nimekasirika.

Mwanao Maduhu alinipigia simu juzi juzi. Ukoo umeamua kujengea makaburi yote pale Magu kwa pamoja: la Babu Masanja, la Baba, la kwako, na lile dogo la pembeni. Fundi ameshapatikana, anachosubiri ni maneno ya kuandika kwenye saruji. La Babu halina shida, la Baba halina shida, na la kwako wameshakupangia mistari mirefu kweli kweli. "Na lile dogo," Maduhu akasema, "tumekubaliana tuandike Mzee Masanja wa Pili. Sijui wewe unaonaje, dada."

Nikamwambia asubiri. Nilipokata simu nilishindwa hata kumaliza chai iliyokuwa mbele yangu. Mzee. Mtoto aliyekufa meno yake ya mbele hayajamaliza kuota. Baadaye nikampigia tena Maduhu nikamwambia nitaandika maneno yangu, na yasomwe mbele ya ukoo wote kabla fundi hajagusa saruji. Ndiyo haya. Nakuandikia wewe, ila nataka na wao wasikie.

Sitasema hukutupenda, maana huo utakuwa uongo. Nakumbuka ulivyokuwa ukija kwetu Mirongo kule mjini, enzi zile tumepanga vyumba viwili uani kwa yule mama muuza vitenge. Unafika na kiroba cha michembe ya viazi uliyoikausha mwenyewe juu ya jabali, hata maji hujanywa, unaniita: "Limi, njoo nione umekua wapi." Unanipima kwa kiganja kutoka utosini mpaka kisigino, halafu unatangaza kwamba nimekua mguu wa kushoto tu, wa kulia bado unajivuta. Nilikuwa nacheka mpaka nalia. Hakuna mtu mzima mwingine aliyekuwa na muda wa kunitania hivyo.

Na ni wewe uliyempokea mdogo wangu Mabula. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mto umejaa mpaka njia ya kwenda hospitali haipitiki, na Mama akajifungulia chumbani mikononi mwako. Akasema huyu ni Mabula, mtoto wa mvua, kama mimi nilivyoitwa Limi kwa kuzaliwa jua likiwaka. Ukacheka. Ukasema, "Nyumba hii ina jua na ina mvua, mmebakiza kulima tu." Ningependa sana tungeishia hapo, Shangazi. Ningependa ungefunga kiroba chako ukarudi Magu ukiwa umemwacha na jina lake.

Lakini mtoto alikuwa analia. Analia mchana, anyonyeshwe analia, abebwe analia. Ukaja tena, ukasema jambo ambalo kila Msukuma amewahi kulisikia, kwamba mtoto analilia jina. Ukakaa naye mapajani ukaanza kuwaita marehemu wetu mmoja mmoja, unasubiri, unaita mwingine. Ulipofika kwa Masanja, baba yako, mtoto akanyamaza kimya. Waliokuwepo wakapiga vigelegele. Mama mpaka leo anasema kwamba wakati ule ulikuwa umesogea dirishani, mgongo wako ukaziba jua lililokuwa linampiga usoni, na ndiyo maana alinyamaza. Hakusema siku ile. Alikuwa mzazi wa siku chache, amechoka, na wewe ulikuwa wifi mkubwa. Nani angemsikiliza?

Akaanza kuwa na majina mawili. Ndani kwetu Mabula, kwako Masanja, baadaye Guku, yaani babu.

Miaka ilivyokwenda ikaonekana kuna kitu. Alichelewa kutembea. Mwili haukui, miguu mirefu na myembamba, uso umekonda, macho yameingia ndani, pua imechongoka. Ukimwacha nje kidogo tu, mashavu yanavimba, yanatoka malengelenge, kesho ngozi inabanduka. Watoto wa mtaani walimwita kizee. Na bado alikuwa mtoto mwenye furaha kuliko wote Mirongo nzima. Alikuwa anacheka na wapita njia, na mbuzi, na redio. Mama alimshonea kofia pana, akamnunulia mashati ya mikono mirefu kwenye mitumba, akawa anamfungia ndani jua likiwa kali, anamtoa likipoa. Hakuna aliyemfundisha. Aliona mwenyewe kinachomchoma mwanawe, basi.

Halafu ushirika wa pamba, alikokuwa akifanya kazi Baba, ukaanza kulegea, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na Baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Mjini bila mshahara ni kukaa na njaa. Tukapakia vyombo vyetu tukaja kwako Magu, kwenye mji wa Babu ambao wewe ndiye uliyekuwa ukiuangalia. Nakumbuka tulivyoshuka. Hukunisalimia mimi, hukumsalimia Mama, hata mdogo wako uliyenyonya naye ziwa moja hukumsalimia. Ulipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mtoto wa miaka mitano ukasema, "Shikamoo, baba."

Mabula akacheka, akakuvuta sikio.

Ulimfundisha kujibu. "Malahaba," alikuwa anasema, kwa ile "l" yetu ya nyumbani badala ya "r", na watu wazima wanapasuka kwa kicheko, naye akaona amepata mchezo. Akawa anazunguka uani kutafuta watu wa kumwamkia. Nilikuwa nalima na wanawake wenye wajukuu, wanaacha jembe, wanainama: shikamoo, guku. Kwake ilikuwa kama kujificha na kutafutana. Nisingekuwa na ugomvi na wewe kama ingebaki kuwa mchezo.

Lakini ulimtolea kigoda. Ukakiweka mahali pale pale alipokuwa akikaa Babu, karibu na mlango wa zizi, aone ng'ombe wakitoka. Enzi za Babu palikuwa na mti. Mti mlishaukata kuni. Mahali palibaki, kivuli hakikubaki, na mtoto ambaye jua lilikuwa linambabua ukamkalisha pale kila asubuhi, mpaka wageni wanaokuja kumwamkia waishe. Mama akaja na mwamvuli. Ukaufunga kwa mikono yako. "Mzee hafunikwi kama maiti," ukamwambia.

"Wifi, ngozi ya mtoto inaungua."

"Ni joto la jina hilo. Jina kubwa lina moto wake. Wewe umeolewa tu hapa, Mama Limi, haya huyajui."

Baba alikuwa amesimama pale pale, anachonga mpini. Aliendelea kuchonga. Na yeye nina hasira naye, ila hasira ya Baba nitamwandikia siku yake.

Halafu yakaja yale ya pamba. Hapa hata ungekuwa hai nadhani ungecheka kidogo kabla hujanichapa. Watu walikuwa wamezoea mnunuzi mmoja maisha yao yote, sasa kila siku linaingia lori jingine, kila mmoja anajisifu, hujui nani mkweli na nani tapeli. Wakakuuliza wewe, na wewe ukasema yupo anayejua. Jirani yetu Nkwabi, mtu mzima na mvi zake, akachuchumaa mbele ya kigoda akauliza, "Guku, pamba yetu tumpe nani?" Mabula wakati huo masikio yalikuwa yameshaanza kufa, hakusikia hata neno. Aliona lori jekundu limesimama barabarani, naye alipenda kila kitu chekundu. Akanyoosha kidole akasema, "Lile." Nkwabi akauzia lile, akalipwa papo hapo. Waliouzia mengine wengine walizungushwa mpaka wakachoka. Kuanzia hapo Mabula hakupata hata nafasi ya kupumua. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwuliza kuhusu mahari, ng'ombe waliopotea, safari. Yeye anacheka, ananyoosha kidole popote, nao wanakwenda zao wameridhika. Na jua linapanda.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka mafuta jioni. Sijui kama uliwahi kuona mgongo wa shingo yake. Nadhani hukutaka kuuona.

Mama hatimaye alimbeba mgongoni akampeleka mjini hospitali, na mimi nikafuata kumsaidia, na wewe ukafuata kwa sababu mzee hasafiri bila mtu wake. Tulimkuta daktari mmoja kijana wa Kihaya, mpole, aliyemkagua Mabula kuanzia kichwani mpaka nyayo. Alimkata kipande kidogo cha ngozi kwapani, mahali jua lisipofika, akasema atakituma ng'ambo kwa watu wenye vyombo ambavyo yeye hana. Mabula alilia kidogo, kisha akamwomba lile bomba la sindano alichezee. Tukasubiri miezi mingi. Tulipoitwa tena twende tukasikie majibu, tulikwenda sisi wale wale.

Naomba sasa usikilize vizuri, maana siku ile ulisikiliza unachotaka.

Alisema ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo tuliyorithi kwa wazazi, yaani vinasaba. Jua likimpiga mtu linayachanachana maagizo hayo. Si ya Mabula peke yake, hata yako, hata yangu. Ila mwili una mafundi wake wa kurekebisha. "Mmewaona wavuvi pale Kirumba wanavyokaa jioni kushona nyavu? Wavu unachanika kila siku na kila siku unashonwa. Wa mtoto huyu unachanika kama wenu, ila hana wa kushona." Kule ng'ambo waliikuza ile ngozi ndani ya vyombo vya kioo, wakaimulika mwanga ule ule wa jua unaounguza. Chembe za watu wengine zilipigwa, zikasimama kidogo, zikajitengeneza, zikaendelea na kazi. Za Mabula zilisimama zisiendelee tena. Nyingi zikafa. Ndiyo maana anachakaa mapema, akasema, na masikio, na macho, na ubongo wenyewe, maana hata bila jua mwili una michubuko yake ya kila siku inayotaka fundi. Alisema kasoro hii imetoka pande zote mbili, nusu kwa baba, nusu kwa mama, wote wazima, hakuna wa kulaumiwa. Na dawa hakuna. "Mfichieni jua. Mlisheni. Mwacheni acheze. Hana miaka mingi."

Kisha akaona Mama hajaelewa vizuri, akataka kurahisisha. Akamwambia, "Yaani mama, chembe zake ni kama za mzee."

Alisema akimtazama Mama, na aliyelidaka neno ni wewe.

Nafundisha bayolojia sasa, Shangazi, hapa Kisesa. Kila mwaka nafika kwenye mada ya urithi, nawachorea wanafunzi vinasaba ubaoni. Na katika miaka yote ya kusahihisha madaftari sijaona neno dogo likileta balaa kwa kudondoka tu. Daktari alisema kama za mzee. Ile "kama" uliidondosha mahali fulani kati ya hospitali na Magu. Tulipofika nyumbani ilikuwa haipo. Siku ya gulio ulisimama katikati ya watu, mikono kiunoni, ukatangaza: "Mlikuwa mnabisha. Haya, Wazungu wenyewe wamepima ngozi yake kwa mashine, wamekuta ni ya mzee. Ya mzee kabisa." Na yale ya pande zote mbili hukuyakataa hata kidogo. Ulisema ndiyo, upande wetu ni Masanja.

Mama alisimama nyuma yako akasema, "Wifi, daktari hakusema hivyo." Alisema kwa sauti ya kawaida, si ya ugomvi. Watu wakageuka. Ukamjibu bila kumtazama: "Mwanamke anayemkana baba mkwe wake mbele ya watu, ukoo wake ulimfundisha nini?" Basi ikaisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, ila pale uwanjani hakuna aliyemkumbuka mzazi. Aliyekuwa anaomba mtoto wake asiunguzwe na jua akaonekana ndiye asiye na heshima.

Kile kipande cha ngozi kilikwenda mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, Shangazi. Kilikwenda kutafuta ukweli kikaurudisha mpaka mlangoni kwako. Wewe ukauchukua ukaufanya cheti cha kumrudisha kwenye kigoda. Hiyo ndiyo siwezi kuimeza. Kabla ya pale ningesema hukujua, kutojua hakuna kosa. Baada ya pale ulikuwa unajua, au ulikuwa umeambiwa, na kwa mtoto anayeungua hivyo viwili havina tofauti.

Unataka kujua Mabula alikuwa mtoto saa ngapi? Jua likizama. Ng'ombe wakirudi, wageni wakiondoka, Mama anamvua yale mashanga meupe ya wazee mliyomvika, na mimi nambeba mgongoni tunashuka kwenye majabali karibu na maji. Alikuwa hana uzito. Tunachukua kifuniko cha ndoo tunakizungusha, anakifukuza kwa ile miguu yake myembamba, anaanguka, anacheka, anakwenda tena. Alikuwa akiokota konokono wadogo wa ziwani anawapanga kwenye jabali kama darasa, anawapiga kelele wanyamaze, yeye ndiye mwalimu. Siku moja aliniuliza kwa ile sauti yake ya juu, "Dada, mimi nitaenda shule lini?" Nilimwinamia sikioni nikamwambia akikua. Akaniambia, "Lakini mimi mkubwa sana." Aliamini. Mlikuwa mmemwambia nyote, kila siku, kwa kumpigia magoti.

Na sasa niseme kile nilichokisikia, maana hakuna anayekijua na ukoo ukijue.

Nilikuwa nimetumwa kumleta ndani ale uji. Nikakukuta umekaa chini kando ya kigoda, mko wawili tu, kichwa chako kimelala kwenye paja lake dogo. Ulikuwa unaongea polepole. Ulisema, "Baba, nisamehe. Nilichelewa. Nilikuja nikakuta udongo umeshakauka." Najua habari ile, kila mtu anaijua. Ulimfuata mwanamume Ukerewe bila ruhusa, Babu akasema usikanyage kwake, na ndoa ilipovunjika ukarudi ukakuta ameshazikwa. Ulibeba hilo miaka yote ile unatupimia vimo na kututania. Ulikuwa unaomba msamaha kwa mtoto ambaye hakusikia hata neno moja. Alikushika shavu akasema, "Malahaba." Ukalia kama mtoto mdogo, Shangazi, na mimi nikarudi na bakuli langu la uji.

Kwa hiyo naelewa. Nimekaa na jambo hilo nimelielewa kila upande. Ulimkosa baba yako, ukamtaka mtu wa kukwambia yameisha, na Mungu akakuletea mtoto mwenye sura ya uzee na jina mlilompa wenyewe. Nakuonea huruma. Lakini huruma yangu haizimi chochote, naona niseme hivyo waziwazi wasije wakafikiri nimefika mahali pa kusamehe. Ulikuwa na dhambi yako na baba yako. Kwa nini ngozi ya mdogo wangu ndiyo iungue?

Alikufa kwa kifua, mwaka wa mwisho hata kumeza kulikuwa shida. Usije ukawaambia huko uliko kwamba Limi anasema ulimwua. Mimi ni mwalimu, sisemi nisichokijua. Ugonjwa ule ungemchukua hata angekaa gizani siku zote, daktari alishasema. Sikulaumu kwa kifo chake. Nakulaumu kwa jinsi alivyoishi. Alipewa miaka michache, na katika hiyo michache mkamkalisha kwenye jua afanye kazi ya marehemu.

Na mazishi. Kwetu mzee aliyeshiba siku haliliwi, tunajua wote. Anachinjiwa dume, ngoma zinapigwa, wajukuu wanatania maiti, watu wanakula wanashiba. Mlimfanyia yote hayo. Wajukuu wakawa watu wenye ndevu. Mama alipoangua kilio mlangoni ulimfuata haraka, ukamshika bega, nilikuwa karibu nikasikia: "Nyamaza, Mama Limi. Usimchurie mzee safari yake. Huyu ameshiba siku." Ukampa mwiko. Mama akasonga ugali wa msibani kwa mwanawe mwenyewe, jasho linamtoka, wageni wanasifia nyama. Hakukalishwa kwenye mkeka. Hakuna mwanamke aliyekaa naye. Hakuna aliyempa pole, maana pole ya nini, mzee amekwenda zake vizuri. Na tangu siku ile sijawahi kumwona Mama akilia kwa ajili ya Mabula. Nilidhani ana moyo mgumu. Kumbe alikuwa amekatazwa, naye ni mtu wa kutii.

Siku hizi anaishi na mimi hapa Kisesa. Maduhu alipopiga ile simu, Mama alikuwa nje anachambua mchele. Nikatoka nikamweleza habari za makaburi, na kile wanachotaka kuandika. Akauliza, "La Mabula wanaandika Mzee?" Nikasema ndiyo. Akaweka ungo chini. Akasema, "Waandike Mabula. Waandike mtoto wa nani." Halafu akaanza kulia. Si machozi ya kufuta kwa ncha ya khanga. Alipiga ukelele ule unaopigwa maiti ikiwa bado ndani ya nyumba, mikono kichwani, akiita jina lake, mpaka majirani wakaacha masufuria jikoni wakaja mbio wakidhani nimekufa mimi.

Wakauliza nani. Mama akasema, "Mwanangu. Mabula." Wengine wakanitazama, maana hawakujua kama nilikuwa na mdogo. Nilianza kueleza kwamba ni habari za zamani, kwamba ni miaka mingi, kisha nikaacha nikachuchumaa kando ya Mama. Mama mmoja wa Kijita anayekaa nyumba ya pili alikwenda kwake akarudi na mkeka, akautandika pale kibarazani, akavua ndala, akaketi, akamvuta Mama kifuani kwake. Wengine nao wakakaa. Yule Mjita akamwuliza taratibu, mtoto alikuwa na umri gani.

Mama akasema, "Tisa."

"Jamani, pole mama," akamwambia. "Pole sana. Mdogo hivyo."

Fundi na aandike kama Mama alivyosema. Nawe pumzika, Shangazi, kwa kadiri utakavyoweza.

Binti wa mdogo wako,
dada yake Mabula